Mnara una fungu lake, fundi wa kuupanda hana

Greda la mkandarasi wa barabara likipitiwa na kukata mkongo wa mawasiliano upande wa Itigi, mkoani Singida, injinia wa Dar es Salaam hujulishwa, lakini anayefika kwenye mtaro ni kijana mwenye pikipiki. Nyuma amefunga begi gumu lenye mashine ya kuungia nyuzi, na kwenye tangi amelaza turubai la kukinga vumbi. Akifika anachimba kwanza. Anatafuta ncha mbili za kebo, anazisafisha, anapiga turubai, anakaa chini.

Ndani ya kebo mna mirija, na ndani ya mrija mna nyuzi 12 za kioo zilizopakwa rangi zisichanganywe: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, feruzi. Anayeijua kazi huzitaja kwa mpangilio huo bila kufikiri, kama mtoto wa madrasa na alifu zake. Uzi ukishavuliwa ganda la rangi una unene wa mikroni 125, karibu sawa na unywele, na njia yenyewe ya mwanga katikati yake ni mikroni 9 hivi. Anaufuta kwa spiriti. Anaukata kwa kifaa chenye wembe wa almasi ili ncha iwe bapa. Anauweka kwenye mashine, mashine inazikutanisha ncha mbili, cheche ya umeme inaziyeyusha zikashikana. Kioo cha mashine kinaonyesha mwanga uliopotea kwenye kiungo. Ikisoma chini ya desibeli 0.1 anashika uzi wa pili. Chembe ya vumbi ikiwa imetua kwenye ncha, anavunja na kuanza upya. Kebo ya nyuzi 48 ina viungo 48 upande mmoja, na wakati huo huo benki ya wilayani haina mtandao, wakala wa pesa anawaambia watu warudi jioni, na zahanati imeshindwa kuingia kwenye mfumo wa bima.

Ukimuuliza kijana huyo nani aliyelipa mpaka akayajua hayo yote, mara nyingi atakwambia kalipa mwenyewe. Alianza kama saidia fundi: kuchimba mtaro, kubeba ngazi, kwenda kununua maji na chapati. Fundi mkubwa akichoka, anamwachia nyuzi mbili tatu ajaribu. Mwaka unapita, wa pili unapita, siku moja fundi anaugua na saiti inasubiri, kijana anaunga kebo nzima peke yake. Hana cheti, hana barua, hana mkataba. Gharama ya mafunzo yake ni miaka aliyofanya kazi kwa hela ya kula, na hakuna kitabu cha hesabu kilichowahi kuiandika.

Hoja ya makala haya ni kwamba fedha ya kumsomesha ipo. Inatoka kila mwezi, nyingine inatoka kwenye kampuni zile zile anazozifanyia kazi, ila inapita njia ambayo haimkuti.

Fungu la kwanza ni lile la minara. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, na mfuko ukaanza kazi mwaka 2009. Kampuni za mawasiliano huchangia sehemu ya mapato yao, serikali na wafadhili huongeza, na fedha hutumika kutoa ruzuku ya kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Singida ni mkoa wa namna hiyo hasa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,008,058, lakini wametawanyika. Toka mjini ukaenda Mitundu au Rungwa, au ukashuka bonde la Wembere, utajua kwa nini mfanyabiashara husita kuweka mnara wa mamia ya mamilioni kwa ajili ya vijiji viwili.

Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini, yenye thamani ya takriban shilingi bilioni 265. Tigo ilichukua minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Nyuma yake ulikuwapo mradi wa Tanzania ya Kidijitali, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 150. Hesabu hizi viongozi wanazijua kwa kichwa. Mbunge akisimama jimboni anataja minara, kata, na wananchi watakaopata mawasiliano. Husikii ikitajwa idadi ya watu watakaofunzwa kuijenga na kuitunza. Si kwamba kuna aliyekataa. Hakuna safu ya jedwali inayoiuliza.

Na mnara una kazi nyingi kuliko unavyoonekana kutoka barabarani. Kuna msingi wa zege na vyuma. Kuna umeme: mitambo mingi hutumia volti 48 za betri, na betri hizo hulishwa na gridi, jua au jenereta, kila moja na fundi wake. Kuna antena za kupokezana mawimbi na mnara wa jirani, ambazo zikipinda kidogo tu kwa upepo, kijiji kizima kinabaki na alama za mtandao zisizofanya kazi. Kuna programu ya kusimamia yote hayo kwa mbali. Ujenzi huisha kwa miezi. Matunzo yataendelea kwa miaka 20 na zaidi.

Fungu la pili ni Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo wahasibu wote huiita SDL. Imesimama juu ya sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha mamlaka ya ufundi stadi, VETA. Mwajiri hulipa asilimia fulani ya mishahara yote anayotoa, na fedha inakatwa kwake, si kwa mfanyakazi. Zamani ilikuwa asilimia 6. Waajiri walilalamika, kwa haki, kwamba hakuna mahali jirani panapotozwa kiasi hicho, na serikali ikaanza kuishusha kidogo kidogo. Aliyeifikisha asilimia 3.5, katika bajeti ya 2023/24, ni Mwigulu Nchemba, wakati huo Waziri wa Fedha na mbunge wa Iramba Magharibi. Kwa hiyo uamuzi huo mkubwa kuhusu fedha za ufundi nchini ulisomwa bungeni na mtu wa Singida.

Sitaki kubishana na kupungua kwake. Kinachofaa kutazamwa ni inakokwenda. Kwa mgawanyo uliozoeleka kwa miaka mingi, theluthi moja ndiyo huenda VETA, na theluthi mbili hubaki Hazina, ambako zimehusishwa zaidi na mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Mfano wa kalamu, kwa kiwango hicho cha asilimia 3.5: kampuni yenye mishahara ya shilingi milioni 50 kwa mwezi hulipa tozo ya shilingi 1,750,000. Katika hizo, shilingi 583,000 na ushei ndizo zinazoelekea ufundi stadi. Zaidi ya milioni moja na laki moja zinakwenda kwingine, zikiwa na jina la ufundi stadi. Sina ugomvi na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayesoma kwa mkopo. Wengi wao ni watoto wa Ikungi na Mkalama. Lakini mzazi aliyeshindwa kumlipia mwanawe mafunzo ya umeme, akaambiwa kuna tozo ya ufundi, ana haki ya kuuliza kwa nini sehemu kubwa ya tozo hiyo inawasomesha watu wa shahada.

Kuna tundu la pili ambalo halizungumzwi sana, nalo kwa sekta ya simu ni kubwa kuliko la kwanza. SDL hukokotolewa kwa mishahara ya waajiriwa. Ankara ya mkandarasi haihesabiwi. Tazama sasa namna kazi ya mnara inavyoshuka. Mwaka 2013 Vodacom iliiuzia kampuni ya minara, Helios, minara 1,149. Mwaka 2021 Airtel ilikubaliana na SBA ya Marekani kuuza minara takriban 1,400 kwa dola milioni 175 hivi. Biashara hiyo ina mantiki yake: kampuni tatu kupanga kwenye mnara mmoja ni nafuu kuliko kila moja kujenga wake. Lakini kampuni ya minara nayo haina mafundi kila wilaya, inampa kazi mkandarasi. Mkandarasi anampa mkandarasi mdogo wa Singida mjini. Huyo anampigia fundi. Fundi anatafuta deiwaka wawili. Kila mlango unaoongezeka, mishahara ya ajira rasmi inapungua na malipo ya ankara yanaongezeka, na tozo inakonda hivyo hivyo. Tena tangu mwaka 2021 mwajiri mwenye waajiriwa chini ya 10 halipi kabisa. Msamaha huo ulikuwa ahueni ya kweli kwa wafanyabiashara wadogo. Matokeo yake katika sekta hii ni kwamba kampuni ndogo zenye watu sita au saba, ambazo ndizo zinazogusa nyaya na vyuma vya Singida, ziko nje ya mfumo wa kuchangia, na kwa hiyo hakuna anayezifikiria zinapogawanywa nafasi za mafunzo.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1948, chini ya shirika la posta na simu la Afrika Mashariki, kilifunguliwa chuo cha mafunzo Mbagathi, Nairobi. Leo mahali hapo ni Chuo Kikuu cha Multimedia cha Kenya. Kijana wa Tanganyika aliyechaguliwa aliingia akiwa mwajiriwa tayari, anasoma miezi fulani, anarudi kufanya kazi, anaitwa tena. Jumuiya ilipovunjika 1977 na Tanzania kuunda shirika lake la Posta na Simu mwaka uliofuata, utaratibu wa mwajiri kusomesha mafundi wake uliendelea kwa uwezo uliokuwapo. Mwaka 1994 shirika likagawanywa, TTCL ikasimama peke yake, na mwaka huo huo simu za mkononi zikaingia na Mobitel. Ushindani ulipokuja, kila kampuni ilitazama gharama zake, na chuo ni gharama. Asinielewe vibaya mtu: waliowahi kuomba simu ya mezani wakasubiri miaka hawana hamu ya kurudi zama za shirika moja. Ila lile jukumu la kumtengeneza fundi, ambalo shirika moja lililibeba, lilipoachwa halikukabidhiwa kwa mtu.

Leo kuna vipande. Singida mjini kuna chuo cha VETA cha mkoa, na mkoa una vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Singida na Msingi. Ada ya VETA kwa kozi ndefu haitishi mtu: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa, 120,000 kwa wa bweni. Mwaka 2016 VETA na Airtel walitoa VSOMO, programu ya simu iliyomwezesha mtu kusomea nadharia popote alipo, ikiwemo ya ufundi wa simu za mkononi, kisha kwenda kwenye chuo cha VETA kufanya vitendo. Wazo zuri, na lilionyesha jambo moja: kampuni ya simu na chuo cha ufundi wanaweza kukaa meza moja bila sheria mpya. Mwaka 2017 serikali ilitoa mwongozo wa uanagenzi, yaani mafunzo yanayofanyika sehemu darasani na sehemu kubwa kazini, na Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikilipia ada za wanagenzi katika vyuo mbalimbali kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi. Ukitazama fani zilizozoeleka humo utakutana na ushonaji, uashi, useremala, magari, uchomeleaji, umeme wa majumbani. Ni fani zinazotafutwa, sawa. Mkongo na mnara ni wageni.

Fedha kubwa zaidi za ujuzi wa TEHAMA zimekwenda juu. Mradi wa EASTRIP wa Benki ya Dunia uliipa Tanzania dola milioni 75 kwa vituo vinne, na kituo cha TEHAMA ni cha taasisi ya teknolojia, DIT, Dar es Salaam. Hapo watatoka mafundi sanifu na wahandisi, na wanahitajika. Lakini kijana wa Kiomboi aliyeishia kidato cha nne na alama za kawaida hatafika huko, na hata akifika na kupata stashahada, uwezekano wa kurudi kuunga kebo Shelui ni mdogo. Wilaya inamhitaji fundi ambaye nyumbani kwake ni pale pale.

Kwa nini vyuo vya mkoani havifundishi mkongo kwa wingi? Fedha, na si fedha ya ada. Chuo kinachotaka kufundisha kazi hii kinahitaji mashine za kuungia ambazo moja huuzwa kwa mamilioni ya shilingi, kipimo cha kutafuta mahali mkongo ulipokatika, kebo nyingi za kukatwa na kutupwa kila wiki, na mnara wa mazoezi wenye urefu wa kutosha kumtisha mwanafunzi. Kinahitaji mwalimu aliyewahi kuifanya kazi yenyewe mwaka huu au uliopita, maana vifaa hubadilika. Vitu hivyo vyote vipo tayari mkoani, ila vimo mikononi mwa wakandarasi. Mkongo wa Taifa wenyewe umejengwa kuanzia 2009 kwa sehemu kubwa ukifuata njia za umeme wa TANESCO, na Singida ni mahali ambapo njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Shinyanga inakutana na ile inayoelekea Namanga na Kenya. Lengo la nchi lilikuwa kuutoa mkongo kutoka kilomita 7,910 hadi 15,000. Mkoa huu umekaa kwenye njiapanda, na darasa liko kando ya barabara. Ndiyo maana uanagenzi unafaa hapa kuliko kujenga karakana mpya: kijana akae chuoni miezi michache ajifunze hesabu, umeme na usalama, kisha alipwe angalau posho ya kujikimu akiwa kwa mkandarasi, na mkandarasi naye alipwe kwa muda anaoupoteza akimfundisha.

Hilo la kumlipa mkandarasi ndipo watu wanapokunja uso. Serikali imlipe mtu wa biashara kwa kumfundisha kibarua wake? Wenzetu wamelivuka zamani. Afrika Kusini hutoza asilimia 1 tu ya mishahara, lakini mwajiri anayewasilisha mpango wa mafunzo na taarifa ya alichofanya hurudishiwa asilimia 20 ya alicholipa, na kila sekta ina mamlaka yake. Ya habari na mawasiliano inajitegemea. Kenya hutoza shilingi 50 za Kenya kwa mfanyakazi kwa mwezi, kiasi kidogo sana, ila mwajiri anaweza kudai kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Marekani, sheria ya miundombinu ya 2021 ilipotenga dola bilioni 42.45 za kupeleka intaneti vijijini, iliruhusu sehemu ya fedha hizo itumike kuandaa wafanyakazi, kwa sababu waliona mapema kwamba watapata kebo na wakakosa wa kuzilaza. Chama cha kampuni za minara huko kinaendesha uanagenzi uliosajiliwa serikalini, ambapo mwanagenzi wa mnara analipwa tangu siku ya kwanza na malipo hupanda kadiri anavyofuzu. Si lazima tuige, na Marekani wana shida zao. Lakini wote watatu wanamrudishia kitu anayefundisha. Sisi mwajiri analipa SDL, risiti inatoka, basi. Akimfundisha mtu asimfundishe, kiasi ni kile kile.

Kisheria hata mfuko wa minara haujafungwa mikono. UCSAF imekuwa ikigharamia mafunzo ya TEHAMA kwa walimu wa shule za umma kwa kushirikiana na vyuo vikuu, na mashindano ya wasichana katika TEHAMA. Kama mwalimu anaweza kufundishwa kutengeneza kompyuta ya shule kwa fedha ya mawasiliano kwa wote, fundi wa mnara uliojengwa na fedha hiyo hiyo hawezi kuwa mbali na shabaha.

Waajiri wana hoja yao nao wasikilizwe. Ukimsomesha fundi, mshindani anamchukua kwa nyongeza ya laki moja, na wewe uliyegharamia unabaki na saiti isiyo na mtu. Ni kweli, na hutokea. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kuwa na tozo ya pamoja: wote wakichangia, anayehama anahamia kwa mtu aliyechangia pia. Hoja hiyo ingekuwa nzito kama tozo isingekuwapo. Nyingine ni kwamba ujenzi wa minara ni wa msimu. Mikataba ikiisha, vijana waliofunzwa watakaa vijiweni. Hapa nakubali nusu. Ujenzi ni wa msimu, ila betri hufa, panya hutafuna nyaya, radi hupiga, greda hukata, na fundi anayejua jua, betri na volti 48 ana kazi hata kwa mwenye kisima cha sola Ndago.

Kisha kuna jambo ambalo halipimwi kwa shilingi. Singida ina upepo; ni upepo huo uliowaleta watu wenye mipango ya mitambo ya kufua umeme. Kwa anayepanda mnara wa mita 40 au 60 ni habari nyingine. Mchana upepo unapochacha, antena aliyoishika inageuka tanga. Anayefunzwa hufundishwa kabla ya yote kuvaa mkanda wa mwili mzima, kuwa na kamba mbili ili moja iwe imefungwa muda wote anapohamisha ya pili, kukagua nyuzi za mkanda kabla ya kuuamini, na kukataa kupanda hali ya hewa ikiharibika. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, hutoa mafunzo ya kufanya kazi juu. Deiwaka aliyeokotwa stendi asubuhi hakuyapata. Akianguka, ataonekana kama mpita njia: hayumo kwenye orodha ya waajiriwa wa mtu yeyote, na michango ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa kwa ajili ya waajiriwa walioandikwa. Mkataba wa uanagenzi unamtaja kwa jina, na jina likishaandikwa, kuna mwajiri wa kuulizwa.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo inayomfungulia mlango msichana. Njia ya saidia fundi haimfai: ni kupakiwa kwenye pikipiki na mtu usiyemjua vizuri, kulala saiti, kuoga kwa ndoo nyuma ya chumba cha jenereta. Wazazi wa Kinyaturu au Kinyiramba hawatamruhusu, na ningekuwa mmoja wao nisingemruhusu. Kuunga nyuzi kunataka macho na vidole vilivyotulia, hakutaki misuli. Akiwa na barua ya chuo, mkandarasi anayefahamika na posho inayomwezesha kupanga chumba, mazungumzo ya nyumbani yanakuwa mengine.

Yapo ya kufanya hata kabla Hazina haijaguswa. La kwanza ni wale wanaojua tayari. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu anatathminiwa akiwa kazini, anaongezewa mapungufu, anapewa cheti. Umewafaa waashi, mafundi magari na wapishi. Fundi wa mkongo wa Manyoni mwenye miaka minane ya kazi anahitaji siku chache za mtathmini, si kozi ya miaka miwili. Cheti hicho kitamfanya aweze kusimamia wanagenzi kwa kufuata utaratibu, maana sasa hivi watu wanaojua kufundisha kazi hii hapa mkoani ndio wasio na ruhusa ya karatasi ya kuifundisha.

La pili ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 kwa ajili ya wakopaji hewa, ikarudi mwaka uliofuata. Mazoea ni kununua bodaboda na mashine za kukamua alizeti. Kikundi cha vijana watano wenye mashine moja ya kuungia, kipimo, na leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ya kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano kinaweza kuingia mkataba na mkandarasi mkubwa kwa jina lake, badala ya kila mmoja kusubiri kupigiwa simu. Mashine ni ghali, lakini si ghali kuliko bodaboda mbili tatu. Ofisa maendeleo ya jamii akiletewa andiko la namna hiyo huenda akashindwa kulipima. Basi TTCL ya mkoa na VETA wamsaidie kulisoma.

La tatu ndilo la mikataba. Ruzuku ya minara inatolewa kwa masharti tayari: mahali, aina ya teknolojia, tarehe ya kuwasha. Kuongeza sharti moja la mafunzo hakuhitaji kubadili sheria ya 2006. Kila mnara wa ruzuku uchukue wanagenzi wawili kutoka wilaya ulipo, majina yao yaambatanishwe, chuo kinachowasimamia kitajwe, na malipo ya mwisho ya ruzuku yasitoke mpaka kitabu chao cha kazi kisainiwe na fundi mkuu na mkufunzi. Posho yao itoke kwenye ile theluthi ya tozo, bima na vifaa vya kupandia vitoke kwa mkandarasi. Wakandarasi watapandisha bei kidogo kwenye zabuni. Wapandishe, ili mradi ionekane wazi kwenye karatasi ni kiasi gani. Kwa hesabu hiyo minara 758 ya mwaka 2023 ingekuwa na wanagenzi 1,516. Mikataba ijayo ya awamu nyingine ya kata bado inaweza kuandikwa hivyo, na wa kuiulizia kabla haijasainiwa ni madiwani wa kata hizo, wabunge wa Singida, na kamati ya bunge inayopitia fungu la wizara.